Binti yangu anaimba tebo zote hadi ya 10, lakini 56 kugawanya kwa 7 anakwama. Nisaidieni

DerevaBuzuruga:

Habari za usiku wanajamvi.

Mimi ni dereva bajaji hapa Mwanza, kijiwe changu kiko Buzuruga. Shule niliishia darasa la saba. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya serikali, na mwaka huu ana upimaji wa kitaifa.

Tebo anazijua. Ukimwambia "tebo ya saba" anaanza kwa sauti nzuri kabisa, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, anashuka nayo hadi sabini bila kukosea, huku akipiga mguu chini kama wanavyofanya darasani. Nilikuwa najivunia sana.

Jumanne iliyopita nilirudi saa mbili usiku nikamkuta na daftari. Hesabu 10 za kugawanya, ya kwanza 56 ÷ 7. Alikuwa amechora vijiti 56 pembeni ya ukurasa, kisha maduara 7, anagawa kijiti kimoja kimoja huku akikifuta kule. Mwishoni duara moja lilikuwa na vijiti 9 na jingine 7. Akafuta vyote, akaanza upya. Hesabu moja ilimla zaidi ya dakika kumi. Nikamuuliza, "Si unajua tebo ya saba?" Akasema ndiyo. "Sasa saba mara ngapi ni hamsini na sita?" Akanyamaza. Baadaye nikasikia anaimba chinichini tangu mwanzo, anakunja vidole, katikati akapotea.

Nikamkaripia. Siku hiyo hesabu ya bosi, yaani hela ninayompelekea mwenye bajaji, haikuwa imetimia, nilikuwa nimechoka, nikamwambia maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto. Akalia, akalala bila kumaliza. Asubuhi nilimpeleka shule na bajaji, hakusema neno njia nzima. Hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika hapa.

Mimi kwenye chenji sikosei, lakini siwezi kueleza najuaje. Darasa lao lina watoto zaidi ya 90, kwa hiyo mwalimu wao simlaumu. Hela ya tuisheni sina. Nina nusu saa usiku kabla hajalala. Nianzie wapi?

---

MwalimuWaChaki:

Baba, pole, na asante kwa kusema ukweli wote. Nafundisha darasa la tatu na la nne, huu ni mwaka wa 14, shule ya kijijini mkoani Singida. Mtoto kama wako ninao kila mwaka, tena si mmoja.

Nitasema neno litakalokuuma kidogo: binti yako hajui tebo ya saba. Anajua wimbo wa tebo ya saba. Jaribu wewe mwenyewe: herufi gani inatangulia P? Watu wengi lazima waanzie K, L, M kimoyomoyo ndipo wafike. Kugawanya ni kuulizwa hivyohivyo, kutokea mwisho kurudi nyuma, na wimbo haurudi nyuma. Kwa hiyo si mvivu wala si mzito. Amefundishwa kwenda upande mmoja, sasa anaulizwa njia ya upande wa pili.

Usianze na 56. Chukua vizibo 12 vya soda na sahani 3. Mwambie agawe sawa kwa sahani zote. Atapata vinne vinne. Hiyo ni kugawana, na kila mtoto aliyewahi kugawana karanga na ndugu zake anaijua. Sasa ondoa sahani. Vizibo ni vilevile 12, mwambie avipange vitatu vitatu, halafu ahesabu mafungu. Yatakuwa manne. Jibu ni lilelile, ila kazi ya mikono ni tofauti kabisa, na hapa ndipo watoto wengi wanapotuachia. Tunawafundisha ya kwanza tu. Ndiyo maana binti yako alichora maduara 7 akaanza kugawa kimoja kimoja: kwake kugawanya ni kugawana basi. Kwa 12 inawezekana. Kwa 56 mtoto anachoka na kukosea, wala si kosa lake.

Kiswahili kimetupa kitu kizuri hapa. Tunasema mbili mbili, tatu tatu, saba saba. Msomee 56 ÷ 7 hivi: "Saba saba ziko ngapi kwenye hamsini na sita?" Mara moja amerudi kwenye tebo, na vijiti havihitaji tena.

Wewe una chombo kizuri kuliko vizibo. Bajaji inabeba abiria watatu nyuma. Abiria 24 wako kituoni, utapiga tripu ngapi? Muulize hivyo mkiwa njiani. Akishazoea, mwongezee mmoja, wawe 25. Daftarini jibu ni 8, baki 1. Kituoni ni tripu 9, maana huyo mmoja humuachi. Mtoto akiielewa hiyo, neno "baki" halitamtisha tena.

Baada ya siku tatu nne za vizibo, anza kadi. Nunua karatasi moja ya manila, kata pembetatu. Kila kadi ina namba tatu kwenye pembe: juu 56, chini 7 na 8. Unaziba pembe moja kwa kidole gumba, yeye anasema namba iliyozibwa. Ukiziba 56, ni kuzidisha. Ukiziba 7, ni 56 kugawanya kwa 8. Kadi ni moja tu, mtoto anaona kwa macho yake kwamba namba hizi tatu ni ndugu.

Usiogope wingi wa kadi. Tebo za 1 hadi 10 zina hesabu 100, na wazazi wengi wanakata tamaa kwa hiyo mia. Lakini 7 × 8 na 8 × 7 ni kadi moja, na tebo ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10 bila shaka anazo. Zinazobaki ni kadi 21. Nakuandikia zote, ukate leo:

Za 3: 3-3-9, 3-4-12, 3-6-18, 3-7-21, 3-8-24, 3-9-27
Za 4: 4-4-16, 4-6-24, 4-7-28, 4-8-32, 4-9-36
Za 6: 6-6-36, 6-7-42, 6-8-48, 6-9-54
Za 7: 7-7-49, 7-8-56, 7-9-63
Za 8: 8-8-64, 8-9-72
Ya 9: 9-9-81

Angalia 24 iko mara mbili, na 36 pia. Usimwambie. Mwache agundue mwenyewe, utaona atakavyofurahi.

Kila usiku kadi mpya mbili, zisizidi tatu. Changanya na za zamani kama karata, usimuulize kwa mpangilio hata siku moja. Kadi akiijibu bila kuimba usiku tatu zinazofuatana, inaingia kwenye kopo la maziwa. Jumapili mnafungua kopo na kuzirudia zote, atakayoisahau inatoka nje tena, bila maneno. Dakika kumi zinatosha. Acha yeye akiwa bado anataka kuendelea.

Akikwama usimpe jibu haraka, mpe njia. Kwa 8 kuna nusu ya nusu ya nusu: 56, nusu yake 28, nusu yake 14, nusu yake 7. Kwa 6 ashike 30, maana anajua hizo ni sita tano. 54 ukitoa 30 inabaki 24, ambazo ni sita nne, jumla tisa. Akizitumia mara nyingi ataziacha mwenyewe, jibu litakuwa linakuja lenyewe.

Saa ya kupimia iweke mbali mwezi wote wa kwanza. Mtoto aliyekaripiwa akihimizwa na saa anabahatisha.

---

MzeeKorosho:

Kwa heshima zote Mwalimu, mimi sikubaliani na sehemu moja. Nimesoma miaka ya sabini huku Mtwara. Tulisimama mstarini asubuhi, mwalimu anakunyooshea kidole: "Tisa mara sita!" Ukikosa, fimbo. Nina miaka 63, na 54 haijawahi kunitoka. Siku hizi mtoto anapewa vizibo na picha, akifika darasa la sita hajui nane mara saba. Kukariri kuna faida yake, tusikudharau.

---

MwalimuWaChaki:

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye kukariri tuko pamoja, hizo kadi 21 mwisho wake ni kukariri. Nataka mtoto ajibu 54 ÷ 6 kama anavyotaja jina lake. Ila tazama ulivyoandika mwenyewe: mwalimu wako hakuwaimbisha, alirusha swali popote, "tisa mara sita". Hapo ndipo ulipojifunzia. Fimbo siwezi kuisifu. Nimewahi kuitumia miaka yangu ya mwanzo na najuta. Mtoto anayengoja fimbo hafikirii namba, anafikiria mkono wake. Alikuwepo mmoja aliyekuwa ananijibu "kumi na mbili" kwa kila swali, kwa sababu siku moja ilimwokoa.

---

MzeeKorosho:

Marahaba. Hilo la kumi na mbili limenigusa. Tulikuwa na mwenzetu wa namna hiyo, aliacha shule darasa la tano.

---

BibiWaNgamiani:

Mwanangu dereva, mimi ni bibi niko Tanga, nauza maandazi na mayai. Nalea wajukuu wawili.

Tafuta trei tupu ya mayai. Ina matundu 30, sita kwa tano. Haihitaji maelezo, ukiigeuza upande huu mtoto anaona tano sita, ukiigeuza upande ule anaona sita tano. Kata trei kwa mkasi: ukitaka 24 acha mistari minne ya sita, ukitaka 12 acha mitatu ya nne. Mjukuu wangu wa kike tebo ya sita ameijua kwa mkasi. Kreti ya soda nayo ni hivyohivyo, chupa 24, nne kwa sita.

Na kama kwenu kuna mtu ana bao, mtumie. Bao letu lina mashimo 32, mistari minne ya nane nane, na kete 64. Kwenye bao la kujifunza kila shimo linaanza na kete 2. Waambie watoto wapange kete kabla wazee hawajacheza. Wakikosea, kete zinabaki mkononi au mashimo yanabaki matupu, wanajua wenyewe bila kuambiwa. Mjukuu wa kiume alikuwa anagawanya kwa 8 kabla hajafundishwa shuleni, kwa sababu ya babu yake na bao barazani.

Jambo jingine. Mtoto ukimkaripia, mwombe radhi. Usione haya.

---

BabaKisauni:

Salamu kutoka Mombasa. Wangu yuko Gredi ya 4, shule inafundisha kwa Kiingereza, nyumbani ni Kiswahili kitupu. Nilipoteza miezi miwili nikimuuliza "arobaini na mbili gawanya kwa sita" naye anaigeuza kwanza Kiingereza kichwani, anatafuta jibu, kisha anaigeuza tena kuniletea kwa Kiswahili. Mimi nikadhani hajui. Siku nilipomwandikia kwenye karatasi tu bila kutamka, akajibu papo hapo. Kwa hiyo wenye watoto wa mchepuo wa Kiingereza, muulizeni kwa lugha aliyoifundishiwa hesabu, au mwandikieni.

Halafu mdogo wake anachanganya sita na saba kwa sikio. Sita, saba, tisa zote tulizichukua kwa Waarabu na zinasikika jirani jirani, mtoto akisikia haraka zinagongana. Tamkeni polepole.

---

DerevaBuzuruga:

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Mwalimu, shikamoo. Bibi, shikamoo. Nimemwomba radhi jana usiku. Hakusema kitu, alinisogelea tu akaweka kichwa begani. Asante sana bibi.

Vizibo nimeokota kwenye baa jirani, viko kama 80. Kesho naanza. Nitarudi kuwaeleza.

---

DerevaBuzuruga: (wiki tatu baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Siku mbili za mwanzo vizibo vilikwenda vizuri, mpaka mdogo wake wa miaka minne akajiunga, ikabidi naye apewe vyake. Siku ya tatu nikamwandikia 21 ÷ 3, akanyoosha mkono kuchukua vizibo, kisha akaurudisha. Akasema, "Baba, tatu tatu ziko saba." Sikusema kitu, nilitoka nje kidogo.

Kadi nilikata zote 21 kama ulivyoandika Mwalimu. Kwenye kopo zimeingia 13. Moja, 4-7-28, ilitoka Jumapili ikarudi Alhamisi. Ile ya 24 kuwa mara mbili aliiona siku ya tisa, akaruka juu ya kitanda, akamwita mama yake aje aone kwamba "hii namba ina familia mbili". Siku hiyo hiyo akaanza kutafuta nyingine mpaka akaipata 36.

Sabasaba na Nanenane zimenisaidia sana, hili nalisema kwa wazazi wengine. Tumezibatiza hivyo: Sabasaba ni 49, Nanenane ni 64. Tangu siku ile hajazikosa.

Tripu za abiria ndiyo mchezo wetu wa asubuhi. Wiki iliyopita nilimwambia abiria 20, akajibu tripu 7. Nikamwambia lakini tripu sita ni abiria 18, akasema, "Na wale wawili utawaacha?" Abiria niliyekuwa nimembeba alicheka sana, akamuuliza yuko darasa la ngapi.

Daftari la shule: hesabu 10 za kugawanya, amepata 8. Mara ya mwisho alipata 3. Na alimaliza kabla sijarudi nyumbani.

Tatizo lililobaki ni moja. 54 na 56 zinamchanganya. Ukimwambia 54 ÷ 9 anasema 7, ukimwambia 56 ÷ 7 anasema 9. Hizi mbili zimekuwa zikiingia na kutoka kwenye kopo wiki nzima, ameanza kuzichukia. Mwalimu, kuna njia?

---

MwalimuWaChaki:

Marahaba baba. Nimesoma ujumbe wako mbele ya walimu wenzangu ofisini, na mwalimu mkuu ameniomba ile orodha ya kadi.

Kwa 54 na 56: zitenganishe kwanza. Kadi ya 54 ifiche kabisa kwa siku nne, asiione. Namba mbili zinazogombana ukizifundisha pamoja zinazidi kugombana. Kwenye ile ya 56 mwandikie hivi kwa mstari mmoja: 5, 6, 7, 8. Hamsini na sita ni saba mara nane, namba nne zinafuatana kama watoto mstarini. 56 = 7 × 8. Akiishika hiyo, rudisha ya 54 peke yake na umwonyeshe ile njia ya 30 na 24. Na kwa kuwa ni ya tebo ya tisa, ajumlishe tarakimu, 5 na 4 zinapata 9. 56 haipati 9, kwa hiyo 9 haiwezi kuwa ndugu yake. Hapo atajikagua mwenyewe.

---

BibiWaNgamiani:

Mwambie bibi wa Tanga anamsalimia. Na yule mdogo wake mpe trei ya mayai acheze, mapema ndiyo vizuri.

---

DerevaBuzuruga:

Nimeelewa Mwalimu. Nimechukua maka nikaandika 5 6 7 8 kwa namba kubwa nyuma ya kiti changu, pale anapokaa asubuhi. Ya 54 iko mfukoni mwangu, nitaitoa Jumatatu.